Nilikuwa na bima ya kima cha chini Texas, leo nadaiwa dola 16,500

#1 Kijana_wa_Tandale (Houston)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta kwa aibu. Leo naubandika ulivyo, mtanicheka baadaye.

Nipo Houston mwaka wa sita. Miaka yote hiyo nilijijua kuwa ni mtu mwenye bima. Kadi ipo kwenye gari, polisi akinisimamisha namwonyesha, anaitazama, ananirudishia, naendelea na safari. Gari ni Corolla ya 2014, nililinunua taslimu, halina deni la mtu. Ada ni dola 142 kwa mwezi. Siku nakata bima, binti wa kwenye simu aliniuliza nataka ya aina gani, nikamwambia nipe ya chini kabisa ambayo jimbo linakubali. Kichwani mwangu ilikuwa sawa na bima ndogo ya Bongo: ukishabandika stika, umemalizana na trafiki.

Mwezi wa tisa, jioni, mvua inanyesha, naenda zamu ya usiku. Westheimer karibu na Beltway 8, wanaopajua wanajua foleni ya pale. Taa imegeuka nyekundu, pikapu ya mbele yangu imesimama, mimi nakanyaga breki, gari halina habari na mimi, linateleza tu. Nikasikia kishindo. Kabla sijapumua nikasikia kingine. Hicho cha pili hakikuwa cha gari langu: pikapu ilisukumwa ikaenda kumpiga wa mbele yake, gari la umeme jipya kabisa. Mama mwenye gari alishuka na mwavuli, akalizunguka, akashika shavu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Polisi aliandika ripoti, akanipa na faini ya kushindwa kudhibiti mwendo.

Baada ya wiki kadhaa barua zikaanza. Pikapu: matengenezo dola 19,400. Gari la umeme: 22,100. Bima yangu ililipa jumla 25,000 ikasema hapo ndipo mwisho wa safari. Zimebaki 16,500, na anayezidai si yule mama, ni kampuni yake ya bima. Ilimlipa yeye, halafu ikanigeukia mimi.

Swali langu: inakuwaje mtu una bima halali, inayotambuliwa na jimbo, halafu unadaiwa kama vile huna?

#2 Mlevi_wa_Kahawa

Pole sana mkuu. Naweka kigoda hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Temeke_Mwisho (Dar)

Dola 142 KWA MWEZI na bado haijatosha? Huku bima ndogo ya gari dogo la binafsi nalipa 118,000, tena shilingi, tena kwa mwaka mzima, VAT ndani. Ndugu zetu mnaishi vipi huko?

#4 Wueh_Minneapolis

Tunaishi tu kwa neema, boss 😂

#5 Mama_Furaha_DFW (Arlington, Texas)

Kijana wa Tandale, pole mwanangu. Nimefanya kazi ofisi ya wakala wa bima hapa eneo la Dallas miaka saba, nimeacha. Ngoja nikueleze taratibu, maana hili swali nililijibu kila wiki na kila mara mtu alikuja akiwa ameshagonga.

Chukua karatasi yako ya bima, utaona 30/60/25. Hiyo ndiyo sheria ya Texas. Namba ya kwanza: ukimuumiza mtu, bima italipa mpaka dola 30,000 kwa mtu huyo. Ya pili: ukiwaumiza wengi, wote kwa pamoja hawatalipwa zaidi ya 60,000 hata wakiwa basi zima. Ya tatu ndiyo iliyokukamata: 25,000 kwa mali zote ulizoharibu katika ajali hiyo moja. Si kwa kila gari, ni kwa ajali nzima. Magari mawili, matatu, uzio wa mtu, nguzo ya taa ya manispaa, vyote vinachota kwenye ndoo hiyo hiyo.

Sasa nikuulize. Pikapu ililipwa kwanza?

#6 Kijana_wa_Tandale

Ndiyo mama. Pikapu ililipwa yote 19,400, na barua niliyonayo inasema mwenye pikapu amesaini kwamba hana madai tena kwangu. Gari la umeme lilipata kilichobaki, 5,600.

#7 Mama_Furaha_DFW

Basi hesabu imekaa. 22,100 ukitoa 5,600 ndiyo hiyo 16,500. Aliyewahi dirishani alishiba, aliyechelewa akakuta sufuria inakwanguliwa.

Kitu unachopaswa kukielewa, na ninakisema bila kukulaumu: kima cha chini hakikuwekwa ili kukulinda wewe. Kiliwekwa ili uliyemgonga asiondoke mikono mitupu. Jimbo linajali kwamba yupo mtu atakayemlipa kitu. Kwamba kitu hicho kitatosha au hakitatosha, hilo limeachwa kati yako na yeye.

Tena namba hizi zinaandikwa kwenye sheria, hazipandi zenyewe na bei ya magari. California ilikaa na 15/30/5 tangu 1967 mpaka mwisho wa 2024. Dola 5,000 ya mali! Kwa magari ya leo hiyo ni bampa, taa na kamera. Januari 2025 ndipo wakapandisha kuwa 30/60/15. Pennsylvania wamebaki na 15/30/5 yao.

#8 Mjomba_DMV (Virginia)

Nathibitisha. Sisi wa DMV (DC, Maryland na Virginia, si ile ofisi ya leseni, ingawa zote mbili zinakula pesa) tunavuka daraja moja tu na sheria inabadilika. Virginia tangu Januari 2025 ni 50/100/25. Ukivuka kwenda Maryland ni 30/60/15.

Na kuna kituko hamkijui. Hapa Virginia mpaka katikati ya 2024 uliruhusiwa kuendesha gari bila bima yoyote, unailipa serikali dola 500 kwa mwaka basi. Watu walidhani hiyo 500 NDIYO bima. Jamaa mmoja wa hapa kwetu aligonga ukuta wa kanisa akaenda na risiti ya 500 kudai walipwe. Akaambiwa hiyo ni ada ya ruhusa ya kutokuwa na bima. Walifuta utaratibu huo Julai 2024.

#9 Mlevi_wa_Kahawa

Ada ya ruhusa ya kutokuwa na bima 😭 Wazungu wana biashara jamani.

#10 Kachumbari_NH

Njooni New Hampshire. Dereva wa kawaida halazimishwi kukata bima. Ila ukigonga, gharama zote ni zako, na leseni wanakaa nayo usipoonyesha uwezo wa kulipa. Mimi nimekata. Baridi ya huku, halafu kuna mnyama anaitwa moose, mkubwa, mwenye pembe kama meza, anasimama katikati ya hawei usiku, nani atathubutu.

#11 Mpiga_Debe (San Antonio)

Mnatishana bure. Bima ni wizi uliohalalishwa. Mimi nina 30/60/25 na nitabaki nayo. Sina nyumba, sina shamba, mshahara unaisha tarehe 20. Waje wanichukulie nini, masufuria?

#12 Mama_Furaha_DFW

Mpiga Debe, nusu ya unachosema ni kweli na sitakudanganya. Texas, deni la namna hii haliwezi kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara wako kwa mwajiri. Majimbo mengi hayana huruma hiyo. Lakini sikiliza nusu ya pili.

Wakikushtaki wakashinda, hukumu inakaa miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Mshahara ukishaingia benki si mshahara tena, ni pesa zilizo kwenye akaunti, na akaunti wanaweza kuizuia kwa amri ya mahakama. Na hukumu ya ajali ya gari ikikaa siku 60 haijalipwa, wanaweza kuipeleka jimboni na leseni yako ikasimamishwa. Wewe unafanya kazi wapi, na unafikaje?

#13 Mpiga_Debe

Ghala, maili 31. Basi halifiki.

Sawa mama, nimesikia. Lakini wizi ni wizi.

#14 Mama_Furaha_DFW

Sijakataa 🙂 Nami nimeuza hizo za kima cha chini nyingi sana. Mteja anakuja ana dola 90 mkononi, ana watoto, anataka kuondoka na karatasi ya kuonyesha polisi. Ukianza kumweleza habari za 100/300, yaani 100,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa wote, anaona unamtafutia kamisheni, anahamia ofisi ya jirani. Unampa anachotaka.

#15 Binti_Pangani (Tampa, Florida)

Mimi niko upande wa pili wa hadithi hii, yaani mgongwaji. Naomba mnisome vizuri walioko Florida.

Florida kima cha chini ni vitu viwili tu: 10,000 ya kutibiwa wewe mwenyewe, wanaita PIP, bila kujali nani mkosaji, na 10,000 ya mali za watu. Hakuna kinachomlazimisha dereva wa kawaida kuwa na bima ya kumlipa mtu aliyemuumiza mwili. Mimi sikuwa najua hilo. Nilidhani kila jimbo lina zile namba tatu.

Nimegongwa ubavuni na kijana aliyepita taa nyekundu. Bega likaumia, mfupa wa juu ya titi ukapata ufa. Kijana ana bima, halali, mpya, kamilifu kwa sheria ya Florida. Kwa upande wa mwili wangu ilikuwa na thamani ya sifuri. PIP yangu ililipa asilimia 80 ya bili za hospitali mpaka 10,000 ikaisha, na iliisha kabla sijaanza mazoezi ya bega.

Na hiyo PIP nusura niikose. Siku ile nilijiona mzima, ni maumivu tu, nikajipaka mafuta ya karafuu nikalala. Baada ya siku tisa mkono hauinuki. Nesi ndiye aliyeniambia: ukipitisha siku 14 kutoka ajali hujaonana na daktari, PIP ya Florida hailipi hata senti. Siku tisa! Na sisi tulivyolelewa kwamba hospitali unaenda ukishindwa kusimama.

#16 Wueh_Minneapolis

Aki pole dada. Huku Minnesota ni kidogo afadhali. Kima cha chini ni 30/60/10 lakini PIP ni 40,000: elfu 20 za hospitali na elfu 20 za mshahara uliopotea na mambo kama hayo. Na ile ya kugongwa na mtu asiye na bima ni lazima, 25/50, huwezi kuikataa. Winter iliyopita gari yangu iliteleza kwa ile barafu isiyoonekana pale Brooklyn Park ikakula mti. Hakuna wa kulaumu isipokuwa mti na mimi. Hospitali ililipwa, na wiki tatu za kazi nililipwa sehemu ya mshahara. Gari yenyewe sikulipwa kitu kwa sababu sikuwa na bima kubwa. Lakini nilitembea.

#17 Kijana_wa_Tandale

Mama Furaha, hii ya kugongwa na asiye na bima Texas ipo? Sijawahi kuisikia.

#18 Mama_Furaha_DFW

Ipo na umeshaisikia. Texas kampuni inalazimika kukupa hiyo pamoja na PIP, na kama hutaki lazima ukatae kwa maandishi. Kwa hiyo kama huna, mahali fulani kuna sahihi yako.

Na ndiyo ya kwanza ambayo ningemwambia mtu aongeze. Nchi hii zaidi ya dereva mmoja kati ya kumi hana bima kabisa, na wengine tele wana kima cha chini kama chako. Wakikugonga wewe, unategemea karatasi yao. Hii ndiyo bima inayokufanya usitegemee karatasi ya mtu.

#19 Kijana_wa_Tandale

Nimeingia kwenye programu ya simu nikachimba mpaka chini kabisa kwenye nyaraka. Ipo. Ukurasa wa 11, visanduku viwili: kugongwa na asiye na bima, NAKATAA. PIP, NAKATAA. Chini sahihi yangu niliyoiandika kwa kidole kwenye kioo, imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Nakumbuka siku ile. Nilikuwa kwenye foleni ya duka, simu inasema "gusa hapa, gusa hapa, malizia", nagusa tu.

#20 Temeke_Mwisho (Dar)

Sasa nimeelewa tofauti. Huku hatusomi karatasi, huko hamsomi simu.

#21 Ndugu_wa_Fizi (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, munisaidie na mimi. Tulitoka kambi ya Nyarugusu tukafika hapa Columbus mwaka uliopita. Tumenunua gari moja kwa familia, bima ni kwa jina langu, 25/50/25. Mutoto wa ndugu yangu anaishi kwetu, ana miaka 19, ana leseni, anaendesha siku ninapolala. Wakala aliniuliza nani anaishi nyumbani, nikasema mimi na bibi na watoto wadogo, juu ya kuogopa bei kupanda. Kuna shida?

#22 Mama_Furaha_DFW

Kuna shida, ndugu yangu, na nafurahi umeuliza kabla. Kwa kawaida bima inafuata gari, kwa hiyo rafiki akiazima siku moja kwa ruhusa yako mara nyingi analindwa. Lakini mtu anayelala nyumbani mwako na kuendesha mara kwa mara lazima awe kwenye karatasi. Ukimficha, siku akigonga kampuni itauliza anaishi wapi, watakuta anwani moja, na wanaweza kukataa kulipa kwa sababu ulidanganya wakati wa kuomba. Hapo una bima na huna bima kwa wakati mmoja.

Bei itapanda, ndiyo, miaka 19 ni ghali. Piga simu kampuni tatu au nne uwaeleze watu wote wa nyumbani, bei zinatofautiana sana. Na ukiona kwenye karatasi yako ametajwa kama dereva aliyetengwa, yaani bima haimhusu, usimpe ufunguo hata kwenda dukani.

#23 Ndugu_wa_Fizi

Asante sana mama. Nilisema ni mutoto tu, atagonga wapi. Kesho napiga.

#24 Dereva_wa_Ap (Houston)

Niongeze la sisi tunaosukuma Uber. Bima yako ya kawaida, iwe kima cha chini au iwe kubwa, inakuruka mara ukiwasha programu kutafuta abiria. Majimbo mengi sheria inasema: umewasha, hujapata abiria, kampuni ya programu inakuwekea 50/100/25. Ukikubali safari mpaka abiria anashuka, milioni moja. Tatizo ni gari lako mwenyewe katika kile kipindi cha kusubiri: hakuna anayelitazama. Kuna kiraka cha kuongeza kwenye bima yako, muulize wakala. Na wanaopeleka chakula msidhani mko salama, bima nyingi za kawaida zinaruka hata pizza.

#25 Shemeji_Mt_Vernon (New York)

Nami nina kilio, kidogo si kama chenu. Desemba nilikwenda nyumbani Moshi wiki sita. Nikasema gari limepaki barabarani, haliendi popote, kwa nini nilipe bima? Nikaifuta kwa simu nikiwa uwanja wa ndege, nikajisifu. Kurudi, nakuta barua ya jimbo. New York gari likiwa na namba lazima liwe na bima, hata kama halijasogea inchi. Kama hutaki bima unarudisha namba kwanza, KISHA unafuta. Faini dola 8 kwa siku kwa siku 30 za mwanzo, zikizidi 30 inakuwa 10 kwa siku. Hesabuni wenyewe. Na kampuni mpya ikaniona mtu aliyekaa bila bima, ada ikapanda.

#26 Wueh_Minneapolis

Ulijisifu ukiwa airport 😂😂 hiyo ndiyo imeniua

#27 Mpiga_Debe

Mama Furaha, niambie bei basi. Hizo 100/300 zenu ni kiasi gani? Maana kila mtu anasema "haizidi sana" bila kutaja.

#28 Mama_Furaha_DFW

Siwezi kukutajia yako, inategemea umri, mtaa, rekodi, na hapa Texas hata krediti yako, yaani rekodi yako ya kulipa madeni, wanaitazama. California, Hawaii na Massachusetts wamekataza hilo la krediti. Lakini kwa uzoefu wa mezani, kutoka kima cha chini kupanda haikuwa mara mbili wala karibu na mara mbili. Sehemu ghali ni ile dola ya kwanza ya kulindwa, kwa sababu ajali nyingi ni ndogo. Zinazofuata zinauzwa kwa bei nafuu kwa kuwa hutumika mara chache. Ndiyo maana inaniuma: watu wanalipa sehemu ghali wanaacha ya rahisi.

Piga uulize bei ya aina mbili: 30/60/25, na 100/300/100 ukiweka na ya asiye na bima. Rudi hapa utuambie.

#29 Mpiga_Debe

Nimepiga. Ya sasa 118. Ile nyingine 151.

Sisemi kitu. Nimetaja tu kama ulivyoagiza.

#30 Kijana_wa_Tandale

118 tena, kama ya Temeke_Mwisho, ila hii ni dola 😅

Wakuu, nirudi kwenye langu. Barua ya pili imekuja, inasema nijibu ndani ya siku 30 la sivyo inakwenda kwa wakili. Nifanyeje? Nina dola 2,100 tu akiba, na kodi ya nyumba ni tarehe moja.

#31 Mama_Furaha_DFW

Usinyamaze, hilo la kwanza. Watu wetu wakiogopa barua wanaiweka chini ya godoro.

Piga kampuni yako ya bima uulize kwa nini walilipa ile 5,600 bila mwenye gari la umeme kusaini kukuachilia kama alivyofanya mwenye pikapu. Jibu lao, lolote lile, liombe kwa maandishi. Halafu iandikie hiyo kampuni inayodai, omba ankara kamili ya matengenezo, kipuri kwa kipuri, na picha. Si kwa ubishi. Mara nyingine utakuta siku za gari la kukodi zimejazwa, au mkwaruzo wa mbele kwenye gari lililogongwa nyuma.

Kisha waeleze hali yako ilivyo, mshahara, watoto, akiba. Hawa wanajua fika kwamba Texas mshahara haukamatiki na kesi ni gharama. Wana miaka miwili ya kufungua kesi ya mali, hawana haraka, lakini mtu anayelipa kidogo kila mwezi wanampenda kuliko hukumu ya kutundika ukutani. Omba wapunguze, omba mafungu, omba bila riba. Usitume hata dola moja kabla hujapata karatasi inayosema ukimaliza kiasi hicho umemaliza deni lote. Na kabla ya kusaini, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria wa bure ikusomee. Mimi si mwanasheria.

#32 Binti_Pangani

Na usiongee nao ukiwa na hasira au zamu ya usiku imekuchosha. Mimi niliwahi kusema "sawa, sawa" kwenye simu inayorekodiwa ili tu wakate.

#33 Kijana_wa_Tandale

MREJESHO. Samahani nimekaa kimya wiki saba.

Ankara ilikuja kurasa 9. Mama Furaha, ulikuwa sahihi: kulikuwa na siku 41 za gari la kukodi, wakati gereji yenyewe imeandika kazi ilikwisha siku ya 26. Niliwaandikia hilo kwa upole tu. Hawakubishana, wala hawakuomba radhi, walituma hesabu mpya.

Tumezungumza mara nne. Mwisho tumekubaliana 9,000. Nimetoa 1,500 mwanzo, na 125 kila mwezi kwa miezi 60, bila riba. Mwanasheria wa msaada aliisoma karatasi, akabadilisha sentensi moja: walikuwa wameandika nikichelewa mara moja deni lote la mwanzo linarudi. Sasa ni nikichelewa siku 30 baada ya kupewa taarifa.

Kampuni yangu ya bima haijanijibu kwa maandishi mpaka leo. Nimehama. Ajali imepandisha bei kwa hiyo sasa nalipa 203, lakini ni 100/300/100 na ya asiye na bima imo, na safari hii nilisoma kila kisanduku kabla ya kugusa. Binti wa kwenye simu alisubiri dakika kumi na tano. Aliniuliza, "Bado upo?" Nikamwambia nipo, nasoma.

#34 Temeke_Mwisho (Dar)

Hongera mkuu. Miezi 60 siyo mchezo, ila umepata pa kukanyaga.

#35 Mjomba_DMV

Kwa sababu ya uzi huu nimefungua karatasi ya mke wangu leo, maana yeye ndiye anayejisifu kwamba ana "full". Full yenyewe ni kwamba gari lake likiumia linatengenezwa, kwa sababu benki iliyotoa mkopo ililazimisha. Upande wa kuwalipa wengine ni 50/100/25, kima cha chini cha jimbo. Benki ililinda gari lake, jimbo likalinda wengine, yeye hakuna aliyemkumbuka. Nimemwonyesha. Amesema ni mimi niliyejaza fomu.

#36 Mpiga_Debe

Nami nimefungua yangu. Kugongwa na asiye na bima: NAKATAA. PIP: NAKATAA. Sahihi ni yangu, hata nukta ya mwisho nimeiweka.

Nimempigia wakala mara mbili, hapokei. Leo Jumapili. Kazini naingia saa kumi na moja alfajiri, maili 31.

#37 Mama_Furaha_DFW

Ingia kwenye programu ya simu, sehemu ya kubadilisha bima. Kampuni nyingi zinakubali hata Jumapili. Ukikwama nipigie picha ya ukurasa, ficha namba.

#38 Mpiga_Debe

Nimekuta. Inasema 151.40, kuanzia saa sita na dakika moja usiku wa leo.

Mama, hii sentensi ya tatu inasemaje?